Wastani wa Shule: Hesabu Iliyotawala Madarasa Yetu

Ukitoka Ongata Rongai kwa Barabara ya Magadi kuelekea Kiserian, unapita Nkoroi katikati ya mabango ya shule. Enzi ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mabango kama hayo yalibeba picha za watahiniwa waliofanya vyema, alama zao kati ya 500, na kwa tarakimu kubwa kuliko zote, wastani wa shule. Malisho ya zamani ya Wamaasai yamegeuka ploti za watu wanaofanya kazi Nairobi, na mzazi mgeni, asiye na jirani wa kumuuliza, alichagua shule kwa tarakimu hiyo. Tarakimu hiyo ilipataje nguvu hivyo?

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulianza kama mlango mwembamba. Chini ya mfumo uliotokana na Ripoti ya Beecher ya 1949, mtoto Mwafrika alichujwa darasa la nne, kisha akachujwa tena darasa la nane kwa mtihani wa KAPE. Wazungu na Wahindi walikuwa na mitihani yao. Baada ya uhuru ubaguzi huo ulifutwa, na watoto wote wakafanya mtihani mmoja, ambao tangu 1966 ulijulikana kama CPE. Mlango ulibaki mwembamba, maana nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno.

Ni katika CPE wastani ulipopata nguvu, na walioupa nguvu hiyo walikuwa na nia njema. Mtafiti Anthony Somerset, aliyefanya kazi na kitengo cha mitihani cha Wizara ya Elimu miaka ya 1970, alichambua maswali moja baada ya jingine. Aligundua kwamba mengi yalipima kumbukumbu tupu, na mengine yalimpendelea mtoto wa mjini. Maswali yakaanza kubadilishwa ili yampime mtoto anavyofikiri, hata kwa mambo anayoyaona shambani na zizini. Shule zikatumiwa majarida ya kueleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Pamoja na majarida hayo zikaja orodha: wilaya zikapangwa kwa matokeo, na ndani ya wilaya, shule kwa shule. Shabaha ilikuwa kumwonyesha mwalimu alipo na namna ya kusonga mbele. Nasikitika kwamba nchi iliishika orodha na kulisahau jarida.

Mwaka 1980 Kenya iliunda Baraza lake la Mitihani, KNEC, baada ya kutoka katika lile la Afrika Mashariki. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta KCPE. Kwetu tunaoandika Kiswahili, hayo yalikuwa mapinduzi: Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, na insha ikarudi mtihanini. Lakini orodha nayo ilihamia humo, na kila mwaka nchi nzima ilisubiri kusikia nani wa kwanza.

Nani alilipia? Mtoto wa mkiani. Mwanafunzi dhaifu alirudishwa darasa la saba ili asiuvute wastani chini, au alisajiliwa katika kituo kingine cha mtihani ili alama zake zisihesabiwe. Likizo zilimezwa na tuisheni. Viboko, vilivyopigwa marufuku mwaka 2001, viliendelea kutolewa kwa kila alama iliyopungua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza yote matatu: kumrudisha mtoto darasa, tuisheni ya likizo na adhabu ya viboko. Bunge halipigi marufuku jambo lisilotendeka. Na Januari ilipofika, matokeo yakiwa yametoka, wazazi wenye hasira waliandamana hadi ofisini wakidai mwalimu mkuu ahamishwe. Huo ndio uwajibikaji tuliouzoea.

Elimu ya bure ya msingi ilipoanza mwaka 2003, madarasa ya umma yalifurika, na wazazi wenye uwezo wakakimbilia akademia za binafsi. Lakini si wote waliokuwa na chaguo hilo. Barabara inayopita Nkoroi ndiyo hiyo hiyo inayoteremka hadi Magadi, ndani ya kaunti moja ya Kajiado. Huko chini, ukame ukikaza, familia huhama na mifugo, na mtoto hukosa masomo kwa wiki nyingi. Watahiniwa wa pande zote mbili walijibu karatasi moja, kisha shule zao zikapangwa katika orodha moja kana kwamba walimu wao walianzia mahali pamoja. Kwangu, hiyo haikuwa haki.

Waziri Jacob Kaimenyi alipiga marufuku upangaji wa shule mwaka 2014. Kashfa ya wizi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2015 ilionyesha ugonjwa ulivyofika mbali: matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa, na bodi ya KNEC ikavunjwa na Waziri Fred Matiang'i. Ulinzi ulipokazwa mwaka uliofuata, waliopata A walikuwa 141 tu, kutoka zaidi ya 2,600.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Watoto wa mtaala wa umilisi walifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, wa gredi ya tisa, mwaka 2025. Mtihani huo una asilimia 60 ya alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu. Asilimia 20 hutokana na KPSEA, mtihani wa gredi ya sita, na 20 nyingine na tathmini ambazo mwalimu hufanya shuleni gredi ya saba na ya nane. Nafurahi kwamba hatima ya mtoto haitegemei tena siku chache za mwisho. Hata hivyo, shule anazoelekea zimegawanywa katika makundi manne, kuanzia C1 hadi C4, na wazazi hawakukawia kujua lipi la kugombania. Tathmini ya shuleni nayo inahitaji vifaa. Mzazi wa Nkoroi hutembea hadi saiba, duka la kompyuta na intaneti, akachapisha kinachotakiwa. Kwa mfugaji wa kule Magadi, saiba ni safari. Kabla wizara haijazipa alama hizo uzito wa kuamua maisha ya mtoto, ilipaswa kupeleka vifaa huko kwanza.