Leta kipande: historia fupi ya kupekuliwa Nairobi

Kuna neno moja ambalo mkoloni alituachia na hadi leo hatujalirudisha: kipande. Polisi akikusimamisha Moi Avenue usiku hasemi "kitambulisho". Anasema, "Kijana, leta kipande." Mlinzi wa lango la ofisi naye husema vivyo hivyo, na wewe unachomoa kadi mfukoni bila hata kujiuliza neno lenyewe lilitoka wapi.

Majuzi mhariri alinituma niandike habari fupi kuhusu ukaguzi wa usalama katika majumba ya kibiashara na kwenye magari ya abiria hapa mjini. Alitaka maneno 400, nikampa 400. Lakini yaliyobaki kwenye daftari yalikuwa mengi kuliko yaliyochapishwa, na karibu yote yalikuwa ya zamani. Gazeti la kila siku halina nafasi ya mambo ya zamani. Basi nayaleta hapa.

Tuanze na kipande chenyewe. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa ndani ya kijisanduku cha chuma, kijisanduku kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukikutwa mjini bila hicho kidubwana, ulikuwa mhalifu. Hakuna aliyejali kama una kisu au huna. Swali lilikuwa: wewe ni nani, ni wa nani, na umefuata nini hapa?

Watu walilichukia jambo hilo kiasi cha kulifia. Harry Thuku alipopinga kipande pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa, alikamatwa Machi 1922. Umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru ambaye aliwasuta wanaume kwa woga wao. Polisi wakafyatua risasi, naye Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni wengi zaidi.

Sheria ya 1947 ilileta kadi kwa watu wa rangi zote, na kile kijisanduku kikaondoka shingoni. Lakini swali lake halikuondoka. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, Jenerali George Erskine aliuzingira mji mzima wa Nairobi kwa wanajeshi na polisi wapatao 25,000. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Wakaingia mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapangwa foleni wapite mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, yaliyotobolewa mahali pa macho. Watu hao waliitwa gakunia. Gakunia akitingisha kichwa upande huu, unarudi nyumbani. Akitingisha upande ule, unapakiwa kwenye lori, safari ya Manyani au Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Nadhani huo ndio ukaguzi mkubwa kuliko wote ambao mji huu umewahi kufanyiwa, na kilichokaguliwa kilikuwa kabila la mtu.

Sasa turuke hadi nchi huru. Jumamosi, Machi 1, 1975, bomu lililipuka ndani ya basi lililokuwa likijiandaa kwenda Mombasa, katika kituo cha kampuni ya OTC. Watu 27 walikufa. Kesho yake, Machi 2, mbunge J.M. Kariuki akaonekana hai kwa mara ya mwisho akiondoka katika hoteli ya Hilton, na baadaye mwili wake ukapatikana Ngong. Nchi ikatikiswa na kifo cha JM, na wale abiria 27 wakafunikwa na habari hiyo. Niliwauliza vijana watano wa rika langu kuhusu JM, wote walimjua. Niliwauliza kuhusu basi la OTC, hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia. Lakini steji wanaijua. Bado inaitwa OTC, na wengine hupandia hapo.

Sote tunakumbuka zaidi Agosti 7, 1998, hata sisi tuliozaliwa baadaye, kwa kuwa tumelelewa na hadithi zake. Lori lenye vilipuzi lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie. Watu 213 walikufa Nairobi, na siku hiyo hiyo wengine 11 wakafa Dar es Salaam. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Kuna jambo moja ambalo watu husahau kulisema. Mlinzi Mkenya, asiye na bunduki wala pingu, alikataa kuinua kizuizi. Waliokuja na lori walimwamuru, akakataa. Wakamrushia guruneti, naye bado kizuizi hakukiinua. Lori likalipukia nje. Tukihesabu waliookoka ndani ya ubalozi, tumhesabie na yeye sehemu yake.

Baada ya hapo ubalozi ulihamia Gigiri, mbali na barabara, nyuma ya kuta. Hoteli kubwa na majengo ya ofisi yakaanza kuweka vizuizi na kile kioo chenye mpini cha kuchungulia chini ya gari. Mwaka 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ikalipuliwa kwa gari, watu 13 wakafa, na vioo vikaongezeka. Somo lilikuwa moja: adui huja kwa gari. Kwa hiyo kagua gari.

Kumbe adui mwingine huja kwa miguu. Oktoba 2011 jeshi letu lilivuka kuingia Somalia. Siku chache baadaye, Oktoba 24, guruneti lilirushwa kwenye baa moja katikati ya mji, na jioni yake lingine likarushwa steji. Steji gani? OTC! Palepale, miaka 36 baadaye. Machi 2012 ikawa zamu ya kituo cha mabasi cha Machakos. Novemba 2012 matatu ikalipuka Eastleigh. Desemba 2013 matatu nyingine. Mei 4, 2014, mabasi mawili yakalipuliwa Thika Road, watu 3 wakafa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Ukiyapanga matukio hayo pamoja unaona wazi kwamba kwa miaka mitatu aliyewindwa hasa mjini alikuwa abiria wa kawaida, mwenye nauli yake mkononi.

Wakati huo ndipo baadhi ya kampuni za mabasi ziliponunua vile vifimbo vya kutambua chuma. Makanga akasimama mlangoni, "Mikono juu, madam," anakupitishia kifimbo mgongoni, unaingia. Ukitaka kujua ukaguzi huo ulidumu vipi, panda matatu saa kumi na mbili jioni. Makanga anayegombania abiria na matatu tatu nyuma yake hana dakika ya kufungua mfuko wa mtu. Steji nayo haina lango. Ni barabara, wachuuzi, mikokoteni na watu. Kila anayekagua anampoteza abiria kwa asiyekagua. Kwa hiyo vifimbo vikaenda, na foleni ikarudi kama zamani.

Kwenye majumba ya kibiashara mambo yalikwenda tofauti. Septemba 21, 2013, Jumamosi mchana, watu wanne wenye silaha waliingia Westgate, Westlands, wakianza kufyatua risasi tangu nje. Watu 67 waliuawa, na ilichukua siku nne kumaliza uvamizi huo. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na naikumbuka televisheni ya jirani ikiwa imewashwa mchana kutwa. Westgate ilipofunguliwa tena Julai 2015 ilikuwa na mashine za eksirei za kukagua mizigo, kama uwanja wa ndege. Majumba mengine yakafuata kadiri ya uwezo wao. Huko ukaguzi ulikaa, kwa sababu kuna lango, kuna mwenye nyumba, kuna bima, na kuna wateja ambao wangekimbia wasipouona.

Hapo ndipo mahali historia hii iliponikaa vibaya. Mabomu yalimwanza abiria tangu 1975, yakamrudia tena na tena. Mashine ziliwekwa alipofuatwa mnunuzi.

Katika kuandika ile habari ya maneno 400 nilizungumza na mlinzi mmoja, mzee wa makamo, katika jumba ambalo sitalitaja. Nilimuuliza, "Mzee, hiki kifimbo kinalia kwa kila mtu, na wewe unasema tu 'pita'. Sasa kina kazi gani?" Akacheka. "Kijana wangu, kinalia kwa simu, kinalia kwa funguo, kinalia kwa mshipi. Nikimsimamisha kila mtu, bosi ataniuliza wateja wako wapi. Kwa hiyo siangalii kifimbo. Naangalia mtu." Nikamuuliza anamwangaliaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Unamjua tu mtu ambaye si wa hapa."

Simlaumu mzee huyo. Anasimama saa 12 kwa mshahara ambao hauwezi kununua chakula cha mchana cha wiki moja ndani ya jumba analolilinda. Nao walinzi kama yeye ndio hufikiwa kwanza na risasi, kama walivyofikiwa Westgate, na kama lango la 14 Riverside, ilipo hoteli ya DusitD2, lilivyoshambuliwa Januari 15, 2019, siku ambayo watu 21 waliuawa. Lakini jibu lake lilinirudisha 1954. Mtu ambaye si wa hapa! Gari kubwa linafunguliwa buti kwa sekunde mbili na dereva anaitwa "mkubwa". Kijana aliyekuja kwa miguu na begi mgongoni anaulizwa anaenda duka gani. Dada mwenye hijabu au buibui anapitishiwa kifimbo mara mbili.

Na hilo la kumwangalia mtu limewahi kutuongoza wapi? Mtu aliyekiri mahakamani mashtaka ya guruneti la OTC la 2011, akafungwa, aliitwa Elgiva Bwire Oliacha. Alikuwa Mkenya kutoka magharibi mwa nchi, si Msomali. Hata hivyo, matatu ilipolipuka Eastleigh mwaka 2012, vijana waliingia mitaani kuwapiga Wasomali na kuvunja maduka yao. Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni Usalama Watch. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh na South C, na mamia wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Miezi iliyofuata mashambulizi hayakukoma. Mei ikaja Thika Road, kisha Gikomba.

Magaidi wenyewe wanalijua vizuri swali la kipande. Walionusurika Westgate walisimulia jinsi baadhi ya watu walivyoulizwa maswali ya dini kabla ya kupigwa risasi au kuachwa. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuja Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatengwa kwa dini, na 28 wakauawa.

Desemba 21, 2015, basi lingine lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi wakaamuru tena: Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Mara hii abiria Waislamu walikataa kutengana. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao mitandio yao wajifunike. Waliwaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016 akiwa hospitalini Nairobi. Watu 2 waliuawa palepale, lakini basi halikugeuka kaburi kama lile la mwaka uliotangulia.

Sisemi ukaguzi uondolewe. Yule mlinzi wa 1998 alionyesha kizuizi kinaweza kufanya nini kikishikwa na mtu imara, na mimi mwenyewe hupendelea begi langu lipite kwenye mashine kuliko lisipite. Ninachosema ni kwamba kuna kaguzi mbili na tumezichanganya. Mmoja huuliza umebeba nini. Huo unahitaji mashine inayofanya kazi, mlinzi aliyefundishwa na kulipwa, na ufanyike kwa kila mtu, wa gari na wa miguu, hata steji. Mwingine huuliza wewe ni wa wapi. Huo ni wa bei rahisi, hauhitaji mashine, na tumeufanya mjini hapa tangu enzi za kijisanduku cha chuma bila kulizuia bomu hata moja ninalolijua.

Kwa hiyo mlinzi akitaka kuona ndani ya begi lako, lifungue bila kununa, na umsalimie. Na ukiona mwenzako amevutwa kando kwa sababu ya mtandio au jina lililo kwenye kipande chake, usipite haraka ukishukuru kwamba leo si wewe. Simama hapo naye. Abiria wa El Wak walisimama pale ambapo bunduki ilikuwa imewaelekea. Sisi tunaombwa tusimame kwenye lango la supamaketi tu.