Majeraha ya risasi: vyanzo vya takwimu (Ifakara)

Mjini Ifakara, ikiwemo kata ya Viwanja Sitini, habari za mtu aliyepigwa risasi hufika kwa mtafiti kupitia polisi, hospitali au dodoso la kaya. Polisi huhesabu yaliyoripotiwa tu. Majeruhi hutakiwa kuwa na PF3, fomu ya polisi, na mwenye gobore lisilo na leseni ana kila sababu ya kuikwepa. Hospitali nayo haimwoni aliyefia porini.

Chanzo cha tatu, dodoso la kaya, ndicho chenye mengi. Mfumo wa Taasisi ya Afya Ifakara, ulioanza 1996, hufuatilia vizazi, vifo na uhamaji bondeni Kilombero. Maeneo ya mjini yaliongezwa baadaye. Kifo kikitokea, mdodosi humhoji ndugu wa marehemu. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la 2016 kwa mahojiano ya aina hiyo huuliza kama aliumizwa kwa silaha ya moto, na kama mtu mwingine alikusudia kumdhuru. Swali la kwanza hujibika, jeraha lilionekana. La pili ni zito: linamgusa jirani, pengine ndugu. Hata Marekani, hospitali zimekutwa zikiandika mashambulizi mengi kuwa ajali. Aliyepona, bila shaka, haulizwi kabisa.