Bendera Nyekundu na Njia ya Brighton

Kila mwaka, alfajiri ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, bustani ya Hyde Park mjini London hujaa motokaa za kale. Sharti kubwa la kuingia ni kwamba motokaa iwe imeundwa kabla ya mwaka 1905. Baadhi huenda kwa mvuke, baadhi kwa petroli na baadhi kwa umeme. Nyingine hazina usukani wa duara, bali huongozwa kwa mpini mfano wa kana ya mashua. Kutoka hapo hushika njia ya Brighton, mji wa pwani ulio kiasi cha maili 60 kusini. Safari hiyo si mashindano: kufika ndiko kushinda.

Asili ya maonyesho haya ni sheria. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza liliamuru kwamba gari la mvuke lipitalo barabarani lisizidi maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mijini, na kwamba mtu alitangulie kwa miguu yadi 60, ameshika bendera nyekundu. Mwaka 1878 bendera haikulazimishwa tena kwa nchi nzima, lakini mtangulizi alibaki, umbali wa yadi 20. Tarehe 14 Novemba 1896 sheria mpya ilianza kutumika. Gari jepesi, lisilofika tani 3, halikuhitaji tena mtangulizi, na sheria iliruhusu mwendo wa maili 14 kwa saa, ambao serikali iliupunguza ukawa 12. Siku hiyo Harry Lawson, mfanyabiashara wa motokaa, aliandaa msafara wa kwenda Brighton kushangilia ukombozi; na kabla ya kuondoka, Lodi Winchilsea aliipasua bendera nyekundu mbele ya wageni. Msafara ulifufuliwa mwaka 1927, na tangu 1930 umesimamiwa na Royal Automobile Club.

Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kutua. Bendera iliyopasuliwa ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu zake miaka 18 nyuma. Kwa nini basi ikapasuliwa? Kwa kuwa alama huishi zaidi ya sheria, na ni rahisi kumcheka mtu mwenye bendera kuliko kumjibu. Amekuwa kichekesho, mfano wa waogopao maendeleo. Lakini tukiiweka dhihaka kando, sheria ile, pamoja na uzito wake wote, ilikuwa na neno moja la haki: aletaye hatari njiani ndiye mwenye wajibu wa kuwaonya wenziwe. Sheria ya 1896 ilimbakishia wajibu huo kwa kengele tu, au chombo kingine cha sauti.

Nayo hatari haikuwa ya kuwaziwa tu. Tarehe 17 Agosti 1896, miezi mitatu kasoro siku chache kabla ya shangwe za Brighton, Bridget Driscoll, mwanamke wa miaka 44, aligongwa na motokaa katika viwanja vya Crystal Palace, London, akafa. Baraza lililochunguza lilikata kwamba kifo kile kilikuwa ajali. Leo Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakujua kwamba mwenda pole aweza kuangushwa na mwenda mbio.

Si hoja yangu kwamba motokaa hizo zifungiwe. Chombo kiendacho hufundisha mengi kuliko kilichozungushiwa kamba. Ustadi wa mafundi wanaozihuisha chuma zenye umri wa zaidi ya karne wastahili heshima. Lakini ukumbusho ni hukumu pia: huchagua nani akumbukwe. Njia ya Brighton humkumbuka mwendeshaji aliyepata uhuru. Historia iliyo kamili itamkumbuka na yule aliyekuwa akitembea.