Siliaki: ugonjwa unaoletwa na chapati na maandazi

Haya wadau, leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongee mambo ya tumbo. Kuna ugonjwa unaitwa siliaki. Huku kwetu wengi hatujawahi hata kuusikia, na mtu akiwa nao ni rahisi kuambiwa ana minyoo, taifodi au amiba miaka nenda rudi.

Iko hivi. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini inaitwa gluteni. Hiyo ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Ndani ya utumbo huo kuna vijinyama kama vidole vidogo, kazi yake kufyonza chakula. Vikishambuliwa vinasinyaa, na chakula kinapita bure. Ndio maana unaweza kukuta mtoto anakula lakini hakui, anaharisha, tumbo limejaa na miguu kama vijiti. Mtu mzima anaweza asiharishe kabisa, yeye akasumbuliwa na upungufu wa damu usiosikia dawa, uchovu, mifupa dhaifu, au vipele vya kuwasha viwikoni na magotini.

Hauambukizi, na wala hujarogwa. Unatembea kwenye damu ya ukoo: kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anao, wewe una uwezekano wa karibu mmoja kwa kumi. Na msiseme ni ugonjwa wa wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kwa watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Ulaya ni kama mtu 1 kwa 100.

Aliyegundua kwamba mchawi ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alishaanza kuishuku miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kali ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika. Watoto wengine wanadhoofika, wale wa siliaki wanapata nafuu! Mkate uliporudi, nao wakarudi kuumwa. Mwaka 1950 akayaandika yote kwenye tasnifu yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapojiharibia. Ukihisi unao, USIACHE ngano kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta askari wa mwili wanaoshambulia utumbo. Kikionyesha dalili, mara nyingi daktari anapitisha mpira wenye kamera mdomoni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Ukishaacha ngano miezi kadhaa, utumbo unapona, vipimo vinasema huna kitu, na wewe unabaki gizani. Vipimo hivi havipo kila zahanati, ulizia hospitali kubwa.

Dawa yake ni moja tu: kuacha gluteni maisha yote. Sio kupunguza. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa siku 90, zinatosha kuharibu utumbo. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 2, kwa hiyo hizo 50 ni makombo tu.

Bahati nzuri vyakula vyetu vingi viko salama vyenyewe: ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo, viazi, mtama, ulezi, maharage, samaki, nyama. Matatizo yanakuja kwa vitu hivi ambavyo watu hawavishtukii.

Unga wa atta, ule wa kahawia, ni ngano vilevile. Tambi na semolina pia. Unga wa lishe wa watoto mara nyingi unachanganywa na ngano, kwa hiyo mama anampa mtoto uji ili anenepe, kumbe ndio unammaliza. Ukitengeneza mwenyewe, usiweke ngano. Halafu kuna mashine ya kusaga. Kama waliotangulia wamesaga ngano, mahindi yako yanatoka na vumbi lake. Tafuta mashine isiyosaga ngano, au twanga nyumbani.

Chipsi ni viazi, sawa, lakini muulize muuzaji: mafuta haya umekaangia sambusa? Kama ndiyo, achana nazo. Vitumbua na bagia vilevile, wengine wanatia ngano ili vishikane. Mchuzi wa soya, soma lebo. Bia za kawaida ni shayiri, kwa hiyo vijana poleni. Na neno shayiri lenyewe linachanganya, maana wengine wanaliita hivyo hata oti. Oti safi wengi wanaivumilia, ila ya dukani mara nyingi imechanganyika na ngano. Pakiti iliyoandikwa haina gluteni, kwa viwango vya kimataifa isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Nyumbani, mgonjwa awe na mwiko wake na chungio lake, na apikiwe kwanza kabla chapati hazijaanza kusukumwa. Kazi kubwa ni misibani na harusini, ambako ukikataa andazi la shangazi unaonekana unaringa. Mwambie mapema, pembeni: shangazi, ngano inaniumiza, naomba viazi vitamu.

Mimi nimejaribu chapati ya unga wa muhogo, ikavunjika vipande vipande. Anayejua kuifanya ishikane amwage ujuzi hapo chini.