Mikono Isiyoandikwa Ukutani

Zaburi ya 48 inawapa waamini kazi ya miguu na macho. Inawaagiza kuuzunguka mji, kuhesabu minara yake na kuzitazama kuta zake kwa makini, ili wapate la kuwasimulia watoto watakaozaliwa baadaye. Tumezoea kuisoma kama habari za Yerusalemu peke yake. Lakini kila mji ambamo watu wa Mungu wameishi na kufanya kazi una kuta zinazostahili kuzungukwa, na Dar es Salaam ni mmojawapo.

Wengi wetu tunapita katikati ya jiji tukiwa na haraka. Tunawahi benki, tunawahi kivuko cha Kigamboni, tunatazama magari tusije tukagongwa. Macho hayapandi juu ya vibao vya maduka. Hata hivyo mtu akitenga asubuhi moja, akachukua simu yake yenye kamera na kutembea polepole Barabara ya Sokoine, ataona vitu ambavyo amevipita kwa miaka mingi. Inafaa aombe ruhusa kwa walinzi na wenye nyumba, na asipige kiholela picha za Ikulu, za bandari wala za ofisi za serikali.

Tuanze na Boma la Kale. Katikati ya miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima. Boma lilijengwa mwaka 1866 na 1867 ili kuwapokea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujakamilika, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuuendeleza. Mtu anayepiga picha hapo huvutwa kwanza na mlango wa nakshi, na ni haki yake, kwa maana ni mzuri. Lakini asogee ukutani. Kuta zile nene ni za mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa na kuchongwa kwa mkono. Chokaa iliyoyashika mawe hayo ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni na kuyachoma hadi yakalainika, kisha kuyamwagia maji. Dari za nyumba za namna hii zilibebwa na boriti za mikoko, miti inayokatwa kwenye matope ya pwani, hasa katika delta ya Rufiji. Boriti ya mkoko si ndefu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa mti.

Sasa tujiulize ni nani aliyekata mti ule akiwa ndani ya matope, nani aliyelisimamia tanuri la chokaa usiku, na nani aliyelibeba jiwe begani. Wakati Boma linajengwa, biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea katika pwani yote. Barghash aliipiga marufuku kwa njia ya bahari mwaka 1873. Kazi nzito za pwani katika miaka ile zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Jina la Majid limo vitabuni, lakini ya wabeba mawe hayakuandikwa.

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba nyingine ya miaka hiyo hiyo ya 1860, nayo ilijengwa kwa ajili ya nyumba ya Sultani Majid. Baadaye ilikuja kuwa mali ya mapadre wa Shirika la White Fathers, na leo inaitwa Atiman House. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alitekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa, akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Kisha akaja Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, akahudumu huko kama tabibu na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sultani inaitwa leo kwa jina la mtu aliyewahi kuuzwa. Watu wengi hupita mbele yake bila kujua hivyo. Anayeipiga picha na kuandika maneno mawili matatu chini yake amewahubiria wengine Habari Njema.

Tukiendelea kuifuata bahari tunafika kwenye kanisa letu la Azania Front, ambalo leo ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kila mtu anaufahamu mnara wake na paa lake la vigae vyekundu. Wachache wamevitazama vipaa vidogo vya vigae vilivyowekwa juu ya madirisha. Vinazuia jua kali na mvua ya kusi, na vinaonyesha kwamba wajenzi walikubali kufundishwa na hali ya hewa ya hapa, kwa kuwa jua la Dar es Salaam si la Berlin.

Hapa Walutheri tunapaswa kusema ukweli wote. Chama cha misioni kilichofika Dar es Salaam mwaka 1887 kiliundwa Berlin mwaka 1886, na baadhi ya waanzilishi wake walikuwa watu wa harakati za ukoloni. Injili ilifika pamoja na bendera. Mwaka 1891 mji huu ulifanywa makao makuu ya koloni, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikawalazimisha watu wengi kutafuta kazi ya fedha. Wafungwa waliofungwa minyororo shingoni walitumikishwa katika kazi za serikali. Majengo mazuri ya kipindi hicho tunayoyapenda yalisimama katikati ya mambo hayo. Kusema hivi si kuikana imani tuliyoipokea. Mungu aliwafikia babu zetu kwa neno lake hata lilipokuja limebebwa na mikono michafu. Lakini tukiusifia mnara na kuwasahau waliopandisha matofali, tutakuwa tumeisimulia nusu ya habari.

Ziko kumbukumbu mbili zinazotusaidia kuliona jambo hili. Ya kwanza ni sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika walioingizwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, lakini anayeonekana juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hakuchongewa sanamu kubwa. Yeye alipata kumbukumbu ya pili, nayo ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Kila siku tunalitaja jina lao tukienda kununua vitambaa na mchele.

Biblia haiko hivyo. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3, yamo majina ya watu walioujenga ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na kipande chake. Kuhani yumo, sonara yumo, mtengeneza manukato yumo, na mabinti wa Shalumu wamo. Huenda wasomaji wengi huiruka sura hiyo kwa kuona ni orodha tu ya majina. Lakini Roho Mtakatifu hakuona ni kazi bure kuihifadhi. Luther naye alifundisha kwamba mwashi na seremala wana wito wao mbele za Mungu, sawasawa na mchungaji. Basi kuitazama kazi ya mikono yao kwa makini ni namna ya kumheshimu aliyewaita.

Jambo hili halitaweza kusubiri sana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mji wa Majid ulianza baada ya hapo. Hivyo karibu kila jengo la kale la katikati ya Dar es Salaam hulindwa pale tu serikali inapolitangaza. Baadhi yametangazwa, ila mengine mengi hayamo, kama yale maduka yenye roshani na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa saruji juu ya uso wa nyumba. Yanabomolewa moja baada ya jingine na kupisha maghorofa ya vioo.

Lakini tusiinyoshee kidole serikali peke yake. Sharika zetu nazo hubomoa. Waumini wanaongezeka, kanisa la zamani halitoshi, harambee inafanyika, na siku moja ukuta unaangushwa. Kupanuka kwa usharika ni baraka. Hasara ni kuangusha ukuta kabla hajatokea hata mtu mmoja wa kuupiga picha na kumuuliza bibi aliyebaki ni akina mama gani waliobeba maji na mchanga kichwani kutoka mtoni.

Kazi hii haihitaji bajeti. Vijana wa kipaimara wanazo simu. Wapige picha ya jiwe la msingi, ya kitasa cha mlango, ya kengele, ya dirisha na ya boriti za paa. Wakae na wazee, waulize nani alifyatua matofali, nani alichonga milango, nani alitoa kiwanja. Majina yaandikwe katika kitabu cha usharika, na picha zitunzwe pamoja nayo, kila moja na tarehe yake. Petro anatuita sisi mawe yaliyo hai katika nyumba ya Mungu. Mawe hayo yana majina, na wajukuu zetu watayauliza.