Kerneli Kushindwa Kuwaka katika Kompyuta ya Mifumo Miwili

Kerneli kushindwa kuwaka ni hitilafu ya kompyuta ya Linux ambayo, ikishawashwa, haifiki penye dirisha la kuingilia, ama kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachotawala kichakataji, kumbukumbu na diski, haikupakiwa kamwe, ama kwa kuwa ilipakiwa ikakwama njiani. Nayo huzidi kutokea pale ambapo Linux imewekwa katika diski moja na Windows, maadamu kila mfumo huweza kubadilisha yale ambayo mwenzake ameyategemea.

Kabla ya kuilaumu kerneli yapasa kujua ni wapi mambo yalipokatika. Programu ya ubao mama, UEFI, huita kipakiaji, ambacho aghalabu ni GRUB. GRUB huipakia kerneli pamoja na faili la initramfs, lenye viendeshaji vya mwanzo. Na kwa viendeshaji hivyo kerneli huifungua sehemu ya diski iliyo na mfumo wenyewe. Ikiwa Windows yafunguka moja kwa moja bila orodha ya kuchagulia, kerneli i salama salimini, na yaelekea Windows, katika kujisasisha, imejitanguliza katika utaratibu wa UEFI, ambao hurekebishwa humo humo. Kioo kikionyesha maneno grub rescue, GRUB imekipoteza kipande chenye mafaili yake, hasa baada ya mtu kufuta au kupanua vipande vya diski akiwa ndani ya Windows. Ujumbe wa kernel panic unaotaja VFS, kwa upande wake, wadhihirisha kwamba kerneli inafanya kazi ila haikuiona diski, mara nyingi kwa sababu initramfs haikukamilika.

Katika Kisangani, mji wa maporomoko ya Wagenia nchini Kongo, ambao umeme wake hutoka katika mto Tshopo, umeme kukatika katikati ya usasishaji ni njia ya karibu kabisa ya kupata initramfs pungufu. Dawa yake ni kuchagua kerneli ya zamani, ambayo Debian na Ubuntu huibakiza kwa makusudi katika orodha ya GRUB, kisha kutoa amri ya update-initramfs -u -k all, baada ya kuhakikisha kwamba kipande cha /boot hakijajaa. Yako pia mambo mengine mawili ya huko ambayo vitabu vingi havitaji. La kwanza ni baobonye la Kifaransa, AZERTY: GRUB kwa kawaida hulisoma kana kwamba ni la Kimarekani, hivyo atakaye herufi a hubonyeza penye q, atakaye m hubonyeza penye mkato, na tarakimu hutoka bila kushika Shift. La pili ni saa. Windows huandika katika ubao mama saa ya mahali, ilhali Linux huisoma kuwa ni ya UTC, nayo Kisangani imeitangulia UTC kwa saa 2. Basi ukaguzi wa mafaili huweza kudai kwamba diski ilitumiwa katika wakati ambao haujafika.

Tarehe 13 Agosti 2024 sasisho la Windows lililokusudiwa kuziba udhaifu wa kipakiaji liliandika masharti mapya katika UEFI, na kompyuta nyingi zenye shim ya zamani, yaani kipakiaji kidogo kinachoitangulia GRUB, zikakataa kabisa kuiwasha Linux, ingawa Microsoft ilikuwa imesema kwamba kompyuta za mifumo miwili hazitaguswa. Waliopatwa walilazimika kuzima Secure Boot, yaani kinga ya UEFI inayokagua vipakiaji, kuingia Linux, kutoa amri ya mokutil --set-sbat-policy delete, kisha kuiwasha upya kinga hiyo.

Ni jambo la kusikitisha mno kwamba wako mafundi ambao, wakutanapo na mojawapo ya hitilafu hizi, hufomati diski nzima, na tasnifu ya mwanafunzi ikapotea ilhali mafaili yake hayakuwa na dosari hata moja. Linux iliyowekwa juu ya flashi yatosha kuifungua diski, kuyanakili yaliyomo, kisha, kwa chroot, yaani kuingia kutoka flashi katika mfumo ulio diskini, kuiweka upya GRUB na kuunda orodha yake kwa update-grub. Na kwa kuwa GRUB, tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, haitafuti mifumo mingine isipoamrishwa, huandikwa kwanza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili la /etc/default/grub, ili Windows nayo ionekane orodhani.