Mikono Mezani, Masikio Redioni

Tangu mwaka jana jirani yetu wa zamani anatutumia sauti kutoka Australia. Hapigi simu. Anarekodi, anatuma: dakika 11, kesho yake dakika 7, Jumapili hata nusu saa. Namba yetu aliipata kwa watu wa Buyenzi waliotawanyika, wale wa kikundi cha WhatsApp. Mimi namwita mama mdogo, maana yeye na mama walilea pamoja kwenye uwanja mmoja, na siku zingine nilikuwa nakula kwake bila hata kuuliza. Hapa Nakivale intaneti inakuja vizuri usiku watu wakishalala, kwa hiyo navuta zile sauti saa saba za usiku, asubuhi namwekea mama akiwa anachambua maharage.

Katika sauti moja alisema neno ambalo ndilo limenifanya niandike. Alisema Kiingereza chake hakukipata darasani. Anafanya kazi kwenye ghala la matunda, mji mmoja wa jimbo la Victoria, anachambua pea na matofaa yanapopita kwenye mkanda, na masikioni ameweka vitabu. Maktaba ya mji inaazimisha vitabu vya kusikiliza, bure kabisa, unapakua kwenye simu. Alianza na hadithi za watoto, akapanda pole pole, sasa anasikiliza maisha ya wanawake wa huko: wakulima, wajane, wabunge, akina mama wenyeji wa asili ambao serikali iliwanyang'anya watoto wao. "Ni kama pale kwenye kahawa," akasema. "Mikono mezani, masikio redioni."

Mama akacheka. Halafu akanyamaza, na mimi najua kwa nini alinyamaza. Nitafika huko.

Kwa asiyeijua Bujumbura: Zone Industrielle ni ile sehemu ya mji ambayo unaijua kwa pua kabla ya macho. Kuna Brarudi, kiwanda cha bia cha tangu 1955, kinachotoa Primus na Amstel, na harufu yake ya shayiri iliyopikwa. Kuna sabuni. Kuna maghala, magari ya mizigo, vumbi. Wa Buyenzi walikwenda kule kwa miguu. Wengine walipata kazi COTEBU, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Na kuna kahawa, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoiletea Burundi sehemu kubwa ya pesa za kigeni.

Historia ya kahawa yetu ukiisoma utakuta wakulima wa vilima, Wabelgiji, bei za dunia. Wanawake wa mezani huwakuti. Kahawa ikishatolewa ganda, mashine inapanga punje kwa ukubwa na uzito, lakini mashine haioni kila kitu. Inabaki mikono. Wanawake wanakaa mbele ya meza, wanatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kuna ila moja ya kahawa za Burundi na Rwanda wanaiita ladha ya kiazi, inahusishwa na mdudu anayefyonza tunda likiwa mtini, na punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Mama alilipwa kwa kilo, siku kwa siku, msimu ukiisha basi. Vidole vinafanya kazi vyenyewe, kichwa kinabaki huru. Ndiyo sababu meza ile ilikuwa mahali pa maneno.

Mama na mama mdogo walikaa meza moja. Mmoja Mtutsi kwa baba, mwingine Mhutu, ingawa Buyenzi ilikuwa na mazoea ya kujifanya hayo mambo ni ya watu wa vilimani. Sisi ni Waswahili, tulisema. Buyenzi ni kartie ya Waislamu, ya watu waliotoka Uvira, Ujiji, Maniema, Kiswahili ndicho lugha ya mlangoni, na Warundi wengine walituona kama wageni wa nusu. Tulidhani huko kuhesabiwa wageni kungetukinga. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, nchi ikawaka, na mji ukaanza kugawanyika kartie moja baada ya nyingine: hii ya hawa, ile ya wale. Machi 1995 ikafika kwetu. Kwa siku chache za mwisho wa mwezi ule Bwiza na Buyenzi zilimwagiwa damu, na maelfu kwa maelfu ya Wahutu walishika njia ya Uvira.

Mama mdogo aliondoka na watoto wawili, godoro na sufuria. Cherehani yake hakuweza kuibeba. Usiku ule aliisukuma kwetu, ya kukanyaga kwa miguu, pedali zinalia. Akamwambia mama, nitunzie. Mama akaifunika kwa kitenge.

Sasa tuingie kwenye redio. Mwaka uliotangulia, Rwanda, RTLM ilikuwa imeonyesha redio inaweza kufanya nini ikishikwa na wauaji. Bujumbura watu walikuwa wanaogopa jambo lile lile. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground likafungua Studio Ijambo, chumba cha habari ambacho Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja, wakienda kuripoti wawili wawili ili kila mmoja afike pale mwenzake asipofika. Habari zao zilikuwa muhimu. Lakini kwenye meza ya kahawa kilichokamata watu si habari, ni mchezo.

Mwaka 1997 ilianza Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ukoo wako. Mwandishi ni mwanamke, Marie-Louise Sibazuri, mtu wa tamthilia. Familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, wanaishi jirani. Sehemu mbili kila wiki kwenye redio ya taifa, na ukaendelea kwa miaka na mamia ya sehemu. Fikiria: vita viko nje, na ndani ya redio kuna watu wanagombana kwa sababu ya mipaka, wanapendana, wanaoana, wanadanganyana, wanasameheana nusu nusu.

Mchezo ulikuwa kwa Kirundi. Pale mezani walikuwepo akina mama wenye asili ya Kongo ambao Kirundi chao kilikuwa cha sokoni tu. Basi mama akawa mkalimani. Sehemu iliyosikika nyumbani ilirudiwa kesho yake mezani kwa Kiswahili, naye hakutafsiri tu, aliongeza. Mimi nilikuwa mtoto wa kupeleka chakula, nilimsikia. Wahusika wa Sibazuri walipofika Zone Industrielle walikuwa wameshakuwa watu wa Buyenzi, wanakula ndagala na ugali wa muhogo, wanaapa kwa Mungu kama sisi. Hicho kwangu ndicho kitabu cha kusikiliza cha kwanza. Nafikiri wataalamu waliohesabu wasikilizaji wa mchezo ule hawakuwahesabu wale wa meza ya mama.

Je, mchezo ulileta amani? Watu wa miradi wanapenda kusema hivyo, mimi nasita. Mchezo ulikuwa mpole kuliko mtaa wetu. Majirani wa redioni walibaki majirani, ua liko pale pale, wakikosana leo kesho watakutana kisimani. Jirani wetu sisi alikuwa ameshaondoka, na nyumba yake ilikuwa na watu wengine. Kitu ambacho mchezo ulifanya, na nilikiona kwa macho, ni kwamba ulifanya jambo lililokatazwa liweze kusemwa kwa jina la mwingine. Siku moja, baada ya sehemu fulani ya mtu aliyeshika mali ya jirani aliyekimbia, mwanamke mmoja wa mezani akasema bila kuinua macho: "Na wewe ile cherehani?" Hakuna aliyejibu. Punje zikaendelea kuanguka kwenye beseni.

Wakati huo nchi ilikuwa kwenye vikwazo. Buyoya alipochukua madaraka Julai 1996, nchi jirani zilifunga mipaka, na vikwazo havikuondolewa mpaka Januari 1999. Wakubwa waliendelea kupata mafuta ya gari. Kwetu bei ya unga ilipanda, sabuni ikapanda, mawe ya redio yakapanda hata tukawa tunayaanika juani ili yapate nguvu ya kumaliza sehemu moja ya mchezo. Mwaka 1998 mama aliuza cherehani.

Upande wa pili mama mdogo alikuwa ameshakimbia mara ya pili. Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, yeye akavuka ziwa kwenda Kigoma, akaishia kambi ya Mtabila, Kasulu. Haya nimeyajua sasa tu, kwa zile sauti. Anasema kambini walikuwa wakiikamata redio ya Bujumbura kwa shida, mtu mmoja ana redio, kumi wamemzunguka. Na walikuwa wanasikiliza nini? Umubanyi. Mama aliposikia hapo alisimamisha mkono. Miaka ile yote walikuwa wanafuata hadithi moja, huyu Zone Industrielle na huyu Kasulu, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa.

Mambo ya Arusha nitayapitia haraka, wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi. Nyerere, kisha Mandela. Mkataba wa Agosti 28, 2000. Mwezi mmoja kabla, Julai, wanawake wa vyama vyote walifanya mkutano wao Arusha, wakamkabidhi Mandela madai yao, na mengi yakaingia kwenye mkataba. Asilimia 30 ya viti waliyodai ikaja na katiba ya 2005. Jambo la mwanamke kurithi ardhi halikuja. Mpaka tunaondoka 2015 sheria ya mirathi ilikuwa bado kwenye makaratasi, na mila ilikuwa bado inampa kaka shamba. Mezani waliyajua haya yote, maana redio iliyasema.

Mei 2015, baada ya jaribio la kumpindua Nkurunziza, redio zenyewe zilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, na upande wa pili Rema FM iliyokuwa ya serikali kwa moyo. Kwa usiku mmoja na siku moja mji ulikuwa kimya. Waandishi waliokimbilia Kigali wakaanza kutuma habari kama sauti za simu, Inzamba na Humura, zinapita mkono kwa mkono kwenye WhatsApp. Watu wakajifunza kusikiliza kwa siri, simu chini ya mto. Sisi tuliondoka miezi michache baadaye.

Nilimwuliza mama mdogo ni kitabu gani anakipenda kule. Akataja cha Miles Franklin, My Brilliant Career, cha 1901, cha msichana wa shamba anayekataa kuolewa kwa sababu anataka kuandika. Mwandishi mwenyewe alikuwa na miaka 21 kilipotoka, na alificha jina lake la kike ili wasomaji wadhani ni mwanaume. Mwaka uliofuata, 1902, wanawake wa Australia wakapata kura ya taifa, ila wenyeji wa asili wengi waliachwa nje, wakangoja mpaka 1962. Mama mdogo ananisimulia haya yote kwa Kiswahili cha Buyenzi, na anaongeza vya kwake, kama mama alivyokuwa anaongeza. Mle ndani yule msichana anaapa wallahi.

Mwezi uliopita, mwishoni mwa sauti ya dakika 14, aliuliza. Hakukaza neno. "Dada, na ile cherehani yangu bado inalia?"

Mama alikataa kujibu siku tatu. Siku ya nne akaniambia nimshikie simu. Alirekodi, akaniambia nifute. Akarekodi tena, futa. Mara ya nne akasema: "Niliiuza mwaka wa 98. Tulikula unga. Uniambie bei." Sekunde 9. Nikatuma.

Jumapili ile hakukuja kitu. Jumapili iliyofuata pia. Jana saa saba za usiku nimekuta sauti moja, dakika 23. Mama anasema nisiifungue, kwanza amalize maharage.